Kitufe Kisicho na Jina

Kaa kwenye kimbweta chochote hapa chuoni saa za jioni, utasikia malalamiko yale yale: mfumo wa usajili umeganda, bando limeisha, madesa hayafunguki kwenye simu. Sote tunalia na mtandao. Ila wapo wenzetu ambao hata mtandao ukiwa na kasi ya ajabu na bando likiwa limejaa, bado kwao mlango umefungwa. Hao ndio nataka tuwazungumzie leo: wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu.

Niseme mapema kwamba mimi naona. Nina miaka 22, nasoma shahada ya ualimu, na mengi ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa kukaa jirani na mwenzangu wa darasani ambaye haoni tangu utotoni. Ameniruhusu niandike, ila kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje. Alisema siku akijulikana chuo kizima, anataka iwe kwa sababu ya ufaulu wake. Sisi wa ualimu tunaitana "ticha", basi na humu nitamwita Ticha.

Swali ambalo Ticha huulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: wewe huoni, simu unatumiaje? Jibu ni kwamba simu inaongea. Kwenye Android kuna TalkBack, na kwenye iPhone kuna VoiceOver, ambayo ilianza na iPhone 3GS mwaka 2009. Unapitisha kidole kwenye skrini, sauti inakutajia ulichogusa; ukigusa mara mbili ndipo kinafunguka. Kwenye kompyuta zipo programu kama JAWS, iliyoanzishwa na Mmarekani Ted Henter baada ya kupoteza uwezo wa kuona kwa ajali ya gari, na NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kisha James Teh akaungana naye. Wote wawili hawaoni. JAWS huuzwa, tena kwa bei ambayo bumu haliwezi kuifikia. NVDA inatolewa bure, na ndiyo iliyo kwenye laptop ya mtumba ya Ticha. Ameiwekea kasi kubwa kiasi kwamba mimi nikisikiliza nasikia mvumo tu, kama redio inayotafutiwa stesheni. Yeye anaelewa kila neno.

Sasa, kisomaji hicho cha skrini hakitazami ukurasa kama sisi tunavyoutazama. Kinasoma kilichoandikwa chini ya ukurasa, kule alikofanyia kazi aliyeutengeneza. Ticha akibonyeza herufi H, kinamrusha hadi kichwa cha habari kinachofuata. Akibonyeza B, kwenye kitufe. Akibonyeza T, kwenye jedwali. Kama mtengenezaji aliweka vichwa vya habari kwa utaratibu wake, Ticha anaujua ukurasa mzima kwa sekunde chache, haraka kuliko mimi na macho yangu. Lakini kama mtu amekuza tu maandishi na kuyakoleza wino ili yaonekane kama kichwa cha habari, kisomaji hakioni kichwa chochote. Kinaanza juu kabisa na kushuka mstari kwa mstari.

Vitufe navyo vina mambo yake. Wewe ukiona alama ya kioo cha kukuzia unajua hapo ni pa kutafutia. Ukiona mshale unajua ni kutuma. Mtengenezaji akiweka ile alama bila kukipa kitufe jina, Ticha anasikia neno moja tu: kitufe. Anasogea mbele: kitufe. Tena: kitufe. Vitatu vimepangana, kimojawapo kinatuma fomu na kingine kinaifuta yote aliyoijaza. Ni sawa na daladala iliyosimama kituoni haina maandishi ubavuni na konda kanyamaza. Panda basi, utajua mbele ya safari kama inakwenda Tegeta au Gongo la Mboto.

Tuje kwenye madesa, maana hapo ndipo tunapokutana wote. Desa la kuskani kwa jicho ni maandishi. Kwa mashine ni picha, kama ilivyo picha ya Mlima Kilimanjaro. Kisomaji kikifika hapo kinasema ukurasa hauna kitu, au kinakaa kimya. Ni kweli kuna programu za kutambua maandishi yaliyo ndani ya picha, na Ticha anazo. Zinafanya kazi vizuri ukurasa ukiwa safi na umenyooka. Madesa yetu tunayajua: yamepigwa picha kiubavu, kivuli cha kidole kipo pembeni, na sentensi zimepigiwa mistari na vizazi vitatu vya wanafunzi. Kinachotoka hapo ni mchanganyiko wa herufi na namba usio na maana.

Matangazo ya kwenye grupu la darasa ni hivyo hivyo. Tangazo linabandikwa ubaoni, CR anapiga picha, anaitupia WhatsApp, watu wanaweka vidole gumba. Ticha anasikia: picha. Anaandika, "Jamani, hapo pameandikwa nini?" Mpaka apate mtu wa kumjibu katikati ya vikatuni na utani, muda umeshakwenda. Siku tangazo linapohusu mtihani wa dakika chache zijazo, hakuna wa kulaumiwa na hakuna wa kumrudishia muda huo.

Kiswahili chetu nacho kina mkosi wake. Kila ukurasa wa tovuti una mahali, ndani ya msimbo wake, panapotaja kwamba ukurasa huu ni wa lugha gani. Kisomaji huangalia hapo ndipo kichague sauti. NVDA inakuja na sauti ya Kiswahili. Ina lafudhi ya roboti, lakini inaeleweka. Mtengenezaji wa tovuti ya Kiswahili akiacha pale pabaki pameandikwa Kiingereza kama alivyopakuta, kisomaji kinamtii. Kinasoma "Matokeo ya mwaka wa pili" kwa mdomo wa Kiingereza, na silabi zote zinavunjikavunjika. Ticha huwa anacheka: "Ticha mwenzangu, ni kama mtalii anasoma tangazo la msiba." Marekebisho yake ni herufi mbili, sw, badala ya en. Mbili tu.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema haya ni usumbufu, na usumbufu sote tunao. Ngoja nieleze yanaishia wapi.

Kwenye mfumo mmoja ambao Ticha analazimika kuutumia kila muhula, orodha ya masomo hufunguka kwa mausi tu. Kibodi haiwezi kuigusa, na asiyeona hatumii mausi, kwani atakielekeza wapi kile kishale? Ukivuka hapo unakutana na jaribio la kuthibitisha kwamba wewe si roboti: chagua picha zenye taa za barabarani. Hakuna njia nyingine ya kujibu. Kwa hiyo Ticha alifanya wanavyofanya wengi walio katika hali yake: akaenda steshenari, akatoa namba yake ya usajili na nywila yake kwa kijana wa pale, akasajiliwa. Wiki ya sita ikatoka orodha ya alama za test, na kwenye somo lake la kuchagua jina lake halipo. Alikuwa amesajiliwa somo jingine kabisa, ambalo hajawahi kuingia hata lekcha moja. Ilimchukua wiki mbili za kupanda na kushuka ngazi za ofisi hadi likarekebishwa. Angechelewa kidogo tu, angeingia UE bila kuwa na alama za kozi.

Nikamuuliza kama hilo ndilo limemuuma kuliko yote. Akasema hapana.

"Matokeo yangu," akasema, "sijawahi kuwa mtu wa kwanza kuyajua. Tangu nimefika hapa. Kuna mwingine anayeyaona kwanza, halafu mimi nasikiliza pumzi yake kabla hajaongea. Mwaka wa kwanza nilipata sapu. Aliyekuwa ananisomea alinionea huruma, akaniambia mfumo haufunguki. Siku mbili nzima mfumo haufunguki. Namwelewa, ni rafiki yangu na hakuwa na nia mbaya. Ila ticha, zile siku mbili zilikuwa zangu. Za kusikitika zangu, na za kuanza kusoma zangu."

Hiyo ndiyo hoja yangu yote katika makala haya. Kusaidiwa na kuweza ni vitu viwili. Sisi ni watu wema; hapa chuoni sijawahi kuona mwenzetu asiyeona akakosa mtu wa kumsomea au kumshika mkono kuvuka barabara. Lakini wema huo umekuwa ndoo chini ya bati linalovuja. Kwa kuwa ndoo inakinga, hakuna anayepanda juu kuziba. Mfumo unabaki vile vile, kwa sababu mwisho wa siku Ticha "amesajiliwa" na "amepata matokeo". Kwenye karatasi hakuna tatizo. Tatizo liko kwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 20 ambaye nywila yake, deni lake la ada na alama zake vyote vinapita mikononi mwa watu kabla ya kumfikia.

Nimewahi kubishana na watu kuhusu jambo hili, na majibu huwa mawili. La kwanza: wako wachache. Shirika la Afya Duniani linasema watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona, la karibu au la mbali. Humo wamo wale wa miwani ya kusomea, akiwemo mhadhiri anayeisogeza simu mbali kwa mkono ulionyooka. Mtu huyo hahitaji kisomaji. Anahitaji maandishi yanayokuzika, na yasiwe ya kijivu juu ya weupe. Nao wachache wangekuwa wachache kweli, ada wanalipa ile ile.

Jibu la pili: ni gharama. Hapa nina kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1999 Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, aliwalalamikia waandaaji wa Michezo ya Olimpiki ya Sydney kwamba tovuti yao haisomeki kwa vifaa anavyotumia. Waandaaji wakajitetea kwamba marekebisho yangemchukua mtu mmoja siku 368 za kazi, na gharama yake ni kubwa mno. Wataalamu wa upande wa mlalamikaji wakasema ni kazi ya wiki 4 kwa timu ndogo. Agosti 2000 tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo ikampa ushindi Maguire, na waandaaji walipoishia kurekebisha nusunusu, wakaamriwa kumlipa fidia ya dola 20,000 za Australia. Ninachojifunza hapo ni kwamba gharama kubwa ni ya kubomoa. Ukijenga nyumba na mlango wake tangu mwanzo, hulipi fundi mara mbili.

Na ramani ya ujenzi ipo siku nyingi. Shirika la W3C, linalosimamia viwango vya tovuti duniani, lilitoa mwongozo wa kwanza wa tovuti zinazofikika kwa watu wenye ulemavu mwaka 1999, likatoa wa pili mwaka 2008, na limeendelea kuuboresha. Ni bure na umeeleza hadi vipimo: maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake yatofautiane kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Hata hivyo WebAIM, kituo kilicho katika Chuo Kikuu cha Utah State huko Marekani, ambacho kila mwaka hupima kurasa za mwanzo za tovuti milioni 1, mwaka 2024 kilikuta kasoro kwenye asilimia 95.9 ya kurasa hizo. Kasoro zenyewe ni hizi hizi za Ticha: rangi zilizofifia, picha zisizo na maelezo, sehemu za kujaza zisizo na jina, viungo na vitufe vitupu. Kwa hiyo tatizo si la Afrika na si la umaskini. Ni la mazoea.

Sheria nazo zipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, Tanzania ikauridhia mwaka 2009, na mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kuhusu vitabu, upo Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu kitabu kutengenezewa nakala ya sauti, ya nukta nundu au ya kidijitali kwa ajili ya asiyeona bila kwanza kumwomba kibali mwenye hakimiliki. Nchi yetu ilijiunga nao mwaka 2020. Maktaba au idara inayosema "hatuwezi kukupa kitabu kwa mfumo huo, ni haki ya mwandishi" haina tena pa kujificha.

Kwa sisi tunaosomea ualimu jambo hili lina uzito wa pekee. Watoto wanaosoma nukta nundu leo kule Buigiri, Dodoma, au Irente, Lushoto, na wengine waliochanganywa na wenzao kwenye shule za kawaida, ndio tutakaowakuta darasani. Wewe utakuwa mwalimu wao wa Jiografia. Ukiwatumia kazi kwa simu, utawatumia nini, picha ya ukurasa wa kitabu?

Tena tusijidanganye kwamba watu hawa wamekaa wanatusubiri sisi. Nukta nundu aliibuni Louis Braille, kijana wa Kifaransa asiyeona, akiwa na miaka 15 tu mwaka 1824. JAWS na NVDA zimetoka mikononi mwa wasioona. Ufunguo wamejichongea wenyewe. Wanachotuomba ni tusiendelee kuwabadilishia vitasa.

Sasa tufanye nini? Nimekaa na Ticha tukaandika orodha, na tumeweka yale tu yasiyohitaji bajeti wala kikao.

Moja: tangazo likiwa ni picha, chini yake andika maneno yake. Mistari mitatu inatosha: nini, wapi, saa ngapi. Wenye bando dogo nao watakushukuru, maana maandishi ni mepesi kuliko picha.

Mbili: ukiandika kazi kwenye Word, tumia mitindo ya vichwa vya habari iliyomo humo, usikuze herufi kwa mkono tu. Hata wewe utapata yaliyomo yanajipanga yenyewe, bila kuhesabu kurasa usiku wa kuamkia kukusanya.

Tatu: desa kama lipo kwenye Word, litume lilivyo. Usilichape, ukalipiga picha, ukalirudisha kwenye simu. Kama lazima uskani, nyoosha karatasi, pata mwanga wa kutosha, na lipitishe kwenye programu ya kutambua maandishi kabla ya kulisambaza. Desa la namna hiyo hata wewe utaweza kulitafutia neno bila kupekua kurasa 80.

Nne: kiungo kipe jina. "Fomu ya kuomba hosteli" inaeleweka. "Bonyeza hapa", ikirudiwa mara sita kwenye ukurasa mmoja, haielezi lolote kwa mtu anayesikiliza.

Tano, kwa wenzetu wa kompyuta wanaotengeneza tovuti za vilabu na idara: weka mausi pembeni, jaribu kuitumia kazi yako kwa kibodi peke yake, kuanzia juu hadi kutuma fomu. Ukikwama, Ticha alishakwama kabla yako. Kisha washa TalkBack kwenye simu yako dakika kumi. Ila kumbuka, ikishawaka, kugusa mara moja ni kusikia na kugusa mara mbili ndiyo kubonyeza. Watu wamewahi kushindwa kuizima wakakimbilia kwa fundi.

La mwisho ni letu sote kama wapiga kura. Kampeni za serikali ya wanafunzi zikifika, magrupu yatajaa mabango: sura zinazong'aa, rangi za kila aina, ahadi zimeandikwa ndani ya picha. Kwa mpiga kura asiyeona, kila bango la namna hiyo ni mgombea aliyesimama mbele yake akakaa kimya. Naomba kila mgombea tumuulize maswali mawili. La kwanza, sera zako zipo kwa maandishi yanayosomeka? La pili, ukichaguliwa, utaketi na uongozi wa chuo kuhakikisha kwamba kabla mfumo wowote haujaanza kutumika, mwanafunzi asiyeona ameujaribu kwanza na kusema unafaa? Akijibu la pili kwa kusema "tutawasaidia", mwambie hatujamuuliza habari za msaada.